Simu ya Banda la Mohdhar

Mohdhar hakukusudia ubaya, na hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwa maana mtu aliyekusudia ubaya hujua aanzie wapi kutubu.

Alikuwa na banda la kupigia picha Likoni, karibu na pale abiria wanaposhukia feri. Kwa nje lilikuwa mabati na miti, lakini ukiingia ndani uliyasahau mabati. Mungu alimjaalia mkono wa kuchora. Dada yake Barke, fundi wa kushona, alimwunganishia vitambaa vipana vya pamba vya marekani, naye akavitundika kama mapazia na kuchora juu yake yale mambo ambayo watu walitamani kuonekana nayo. Pazia moja lilikuwa na ndege inayopaa. Jingine lilikuwa sebule ya kitajiri yenye kabati la vyombo, televisheni, na kompyuta ya kioo cha samawati aliyoiongeza baada ya rafiki yake Idarus kumwonyesha picha ya kompyuta gazetini. Mbele ya sebule hiyo palikuwa na kochi moja na meza ndogo, na juu ya meza simu ya kweli, nyeusi na nzito, iliyokuwa imetupwa na ofisi fulani. Waya wake uliishia chini ya zulia. Mteja alikaa, akaushika mkono wa simu sikioni, akatabasamu, akapigwa picha ya kupelekwa kwao bara: mnaniona, niko Mombasa, nasema na watu.

Mwaka wa tisini na saba vurugu ziliingia Likoni. Watu wa bara wakafukuzwa, nyumba zikatiwa moto, na wengi waliokimbia hawakurudi. Mwaka uliofuata banda lilikuwa kimya. Mohdhar alishinda na brashi mkononi akichora upya mapazia ambayo hayakuwa yamechakaa, ili asionekane amekaa bure.

Hapo ndipo alipoanza kuja Pascalia. Alikuwa Mtaita wa makamo, mpole wa maneno, kazi yake udobi katika hoteli moja ya Shelly Beach. Alipanga chumba katika nyumba ambayo zamani ilijaa wapangaji, na sasa vyumba vingine vyote vilitiwa kufuli. Alikuja Jumapili akitoka kanisani, kavaa gauni la maua, akakaa kwenye kochi na kuuchukua mkono wa simu. Mohdhar alimpiga picha, akamwambia, "Tayari, dada."

Pascalia hakuuweka chini. "Naweza kukaa kidogo? Kama hakuna mteja."

"Kaa tu. Mteja yuko wapi siku hizi?"

Mohdhar akapita nyuma ya pazia, kwenye makopo yake ya rangi. Mara akamsikia anasema.

"Halo, mama? Ni mimi. Mimi mzima. Huku jua kali."

Mohdhar aliinua brashi akasahau kuishusha. Wateja wengine wote waliushika ule mkono wa simu wakanyamaza, maana nani asiyejua kwamba simu ilikufa? Huyu alisema, akanyamaza kama anayejibiwa, akacheka kidogo, akasema tena. Alipomaliza aliuweka mkono wa simu taratibu, akaaga, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata alirudi, na nyingine tena. Hakutaka picha. Mohdhar naye hakumwuliza kitu. Alimwachia kochi akajitia anachora. Mwanzoni yalikuwa maneno ya kumpendeza mzazi: nakula vizuri, majirani ni wema, juzi wamenialika arusini. Mohdhar aliijua ile nyumba yake. Hapakuwa na majirani wala arusi. Kila aliposikia hayo alijiambia atatoka, aseme, dada, karibu kahawa. Kisha akaona haya kujulikana kwamba alikuwa akisikiliza, na ile haya ndogo ikampitisha Jumapili baada ya Jumapili bila kutoka.

Alimweleza Idarus. Idarus alikuwa kijana wa Kisauni aliyesomea kompyuta, na wakati huo hoteli moja ya Shanzu ilikuwa imemwajiri kuiwekea mitambo ya mapokezi. Meneja wake alitaka maonyesho ya sanaa ukumbini, angalau wale wageni wachache waliobaki wapate cha kutazama.

"Wallahi hii ndiyo kazi ya zama zetu," alisema Idarus, macho yakimng'aa. "Miaka kumi ijayo kila mtu atakuwa akisema na mashine, na hana wa kusema naye. Wewe umeliona kabla ya watu! Mchore. Mrekodi."

"Nimrekodi? Bila ya kumwambia?"

"Ukimwambia atanyamaza. Nani atakayemjua? Sauti haina uso."

Akamwachia rekoda yake ndogo. Jumapili Pascalia alipokaa, Mohdhar alikuwa nyuma ya pazia na kidole kwenye kitufe. Alipokibonyeza alikohoa, ili mlio usisikike. Upande wa pili Pascalia alinyamaza kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kuliko siku zote:

"Leo nikwambie kweli. Wiki nzima hakuna aliyeniita jina. Kazini naitwa wewe wa shuka. Nyamvula, msimamizi wetu, si mbaya, lakini ana watoto, kazi ikiisha anakimbia. Wenzangu wanakula pamoja. Mimi nakula karibu na mashine, kwa sababu mashine angalau inanguruma. Na nikwambie jingine, usinicheke. Shuka zikiletwa kutoka vyumbani, ziko zilizolaliwa na mtu mmoja na ziko zilizolaliwa na wawili. Mimi nazijua. Zile za wawili huwa nazikumbatia kabla sijazitia mashineni. Wakati mwingine bado zina joto. Kidogo tu nazikumbatia, kisha nazitia."

Hapo napo Mohdhar angeweza kutoka. Lakini rekoda ilikuwa ikizunguka, na pamoja na huruma alihisi kitu kingine, alichokuja kukichukia kuliko vyote: alihisi furaha, ile furaha ya mvuvi ambaye uzi wake umevutwa.

Aliifanya kazi ile kwa moyo wote, haikanushiki. Barke alimwunganishia pazia kubwa kuliko yote, akachora sebule imejaa watu, kila mmoja na simu sikioni, hakuna anayemtazama mwenziwe. Alilitundika katika ukumbi wa hoteli ya Shanzu, mbele yake akaweka lile kochi na ile simu. Idarus aliitia sauti ya Pascalia katika kompyuta na kuificha chini ya meza, akapitisha waya hadi kwenye simu. Ukikaa na kuuinua mkono wa simu, unamsikia mwanamke. Akimaliza, anaanza tena. "Kanda huchakaa," Idarus aliwaambia watu. "Humu haichakai."

Wageni walipanga foleni, Idarus akawatafsiria. Mama mmoja wa Kizungu mwenye nyumba ya sanaa huko kwao alisikiliza akafuta machozi, akaomba nakala. Idarus alimnakilia sauti kwenye sahani ya kompyuta, ile CD, siku ile ile, naye mama akaondoka nayo. Kabla hajaondoka alimwuliza Mohdhar, "Huyu mwanamke ni nani?"

Mohdhar akajibu, "Ni mtu yeyote."

Siku hiyo alilala akijiona mtu mkubwa.

Sasa Nyamvula, yule msimamizi wa madobi, mumewe alikuwa mhudumu wa meza katika hoteli hiyo ya Shanzu. Alikwenda kumtazama siku yake ya mapumziko, akawakuta wafanyakazi wanagombania simu ukumbini, wanacheka huku wamefunika midomo. Akaichukua na yeye asikie. Akasikia jina lake. Akaitambua sauti.

Nyamvula hakuwa mtu wa kutangaza, lakini mumewe na wenziwe walikuwa na ndugu na marafiki jikoni kule Shelly Beach, na maneno yana miguu. Haukupita muda vijana wa jikoni walikuwa wakipita dirishani kwa madobi wamekumbatia vitambaa vichafu vya meza, wamefumba macho, wanaguna kwa raha. Wakamwita Bibi Shuka. Pascalia hakuelewa, mpaka Nyamvula alipomvuta pembeni akamwambia pale yalipotoka.

Alikuja Shanzu na sare yake ya kazi. Mohdhar alimwona anaingia mlangoni, mdogo katika ukumbi ule mkubwa, anauliza mapokezi. Miguu yake haikungoja shauri. Ilimpeleka nyuma ya pazia, na akiwa humo alitazama kwa upenyo wa pindo.

Pascalia alingoja zamu yake nyuma ya wageni wawili. Akakaa kwenye kochi, akaweka magoti pamoja, akauinua mkono wa simu. Alijisikiliza mpaka mwisho. Sauti ilipoanza upya hakuushusha mkono wa simu, akajisikiliza tena. Uso wake haukubadilika. Akauweka mkono wa simu taratibu, vilevile kama alivyouweka kila Jumapili, akainuka kumpisha mgeni aliyekuwa akingoja. Kisha akaligeukia pazia. Alilitazama kwa muda, na Mohdhar nyuma yake alizuia pumzi, mtu mzima mwenye ndevu, kajificha kama mwizi wa kuku. Alipochungulia tena, Pascalia hayupo.

Alirudi Likoni mchana ule ule. Alipomweleza Barke alidhani atafarijiwa, kwani Barke ndiye aliyemlea. Barke aliusimamisha mguu wake juu ya cherehani.

"Wasema alipokuja ulijificha?"

"Nilishikwa na haya, dada."

"Haya? Haya ingalikushika ulipoitega ile rekoda. Mwanamke kakuwekea mdomo wake amana, nawe wenda kuutandaza mahali pa watu kulia na kuchekea. Na kumbe kitambaa nalishona kwa mikono yangu!" Alikata uzi kwa meno. "Usinisemeze mimi. Jua lingalipo. Enda kwake."

Alikwenda. Nyumba ya Pascalia ilikuwa na ukumbi mrefu, milango ya kufuli kushoto na kulia, na mlango mmoja tu ulio wazi, mwisho. Pascalia alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Hodi," alisema Mohdhar.

"Sema ulichokuja kusema."

"Nimekuja kukutaka radhi. Nilisikia ukisema na mama yako, nikakurekodi bila ya kukuarifu. Nimekukosea. Mama yako pia nimemkosea."

Pascalia akaweka ungo chini. "Mama yangu alikufa nikiwa darasa la nne."

Mohdhar akavua kofia.

"Wewe ulidhani mimi ni mwendawazimu, nasema na simu mbovu? Ulidhani sikujua uko pale? Miguu yako ilionekana chini ya pazia, Mohdhar. Kila Jumapili naiona imesimama haitikisiki. Nilisema moyoni, huyu ni Mwislamu, mtu wa adabu, hawezi kukaa na mwanamke asiye wake wakazungumza. Basi kajitia nyuma ya pazia anisikilize kwa heshima. Ile 'halo mama' ilikuwa ya kutusitiri sisi wawili. Nilikuwa nasema na wewe."

"Wallahi sikujua."

"Siku ile ya mwisho nilikusikia ukikohoa. Nikadhani unazuia machozi. Nikasema, leo nimweleze yote."

Uso wa Mohdhar ulimwaka mpaka masikioni. Alitaka kumwambia kwamba kikohozi kile kilikuwa cha kufunika mlio wa kitufe, maana aliona kumwachia lile wazo zuri ni kumdanganya mara ya pili. Akamwambia. Pascalia alimtazama kwa mara ya kwanza, na Mohdhar akatamani asingalisema.

"Afadhali umesema," Pascalia alinena mwishowe. "Sasa sina nilichobakisha." Akauchukua ungo wake. "Kaifute. Na kazini kwangu uende, si kwangu mimi. Huko ndiko ninakochekwa."

Kulipokucha alikuwa Shanzu. Idarus alipinga sana, akamwita mjinga, akamwambia watu wameipenda. Mohdhar aling'oa waya kwa mkono wake, akamsimamia Idarus mpaka sauti ikafutwa katika kompyuta, akaivuta kanda yote ya rekoda kutoka kasha lake na kuitia kiberiti nyuma ya jiko la hoteli. Ilinuka vibaya, wapishi wakafukuza moshi kwa aproni.

"Na sahani ya yule mama?" aliuliza.

Idarus akakuna kidevu. "Hiyo imeshapanda ndege."

Kutoka hapo alivuka mji na feri akaenda Shelly Beach. Madobi walikuwa wamekaa kivulini nyuma ya hoteli wakila chakula cha mchana, na vijana wa jikoni wameegemea ukuta. Mohdhar aliwasalimu. Alikuwa amepanga maneno ya kupendeza njiani, yote yakamtoka. Alisema tu kwamba ile sauti ya Shanzu aliyeiiba ni yeye. Kwamba mwenye sauti hakujua anarekodiwa. Kwamba kama pana mtu wa kuchekwa, basi ni mwanamume mzima aliyejificha nyuma ya kitambaa kumsikiliza mwanamke, na alipofuatwa akajificha tena.

Wakamcheka. Kijana mmoja alikumbatia hewa na kuguna kwa raha, na wenziwe wakaangua kicheko. Nyamvula ndiye aliyewakemea. Alikuwa mwanamke mnene, sauti yake kubwa.

"Nyamazeni! Mimi nilipoisikia niliona aibu yangu, si yake. Mwaka mzima tunafanya kazi chumba kimoja na hata sikujua kwao ni wapi. Na nyinyi nyote mmeisikia habari yake, yuko nani hapa aliyemwambia njoo tule?"

Pascalia alitokea mlangoni na kikapu cha shuka. Alimwona Mohdhar katikati ya watu, akasimama.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Basi enda zako, sisi tuna kazi."

Alitoka kwa njia ya nyuma, ya mchanga, jua la utosi likimpiga. Alikutana na watu wanaomjua, wakamsalimu, naye akaitikia bila ya kuinua uso.

Banda alilifungua tena, maana mtu lazima ale. Ile simu hakuirudisha mezani. Wateja wakiulizia aliwaambia imeharibika, wakashangaa, kwani lini ilikuwa nzima? Jumapili ikifika alikuwa hakai nyuma ya pazia. Alikaa nje kwenye benchi, na kila gauni la maua lililoshuka ferini lilimfanya ainamie viatu vyake.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza Idarus alipokuja banda kwa furaha. Yule mama wa Kizungu alikuwa amemwandikia kwa kompyuta. Sauti imewekwa katika maonyesho makubwa, na si hayo tu, imetiwa kwenye intaneti. Mtu yeyote mwenye kompyuta, popote duniani, anaweza kuisikia.

"Mwandikie aiondoe," alisema Mohdhar.

"Nilijua utasema hivyo, nikamwandikia. Asema hata akiondoa yeye, wengine wameshaichukua."

"Jina lake wamelitaja?"

"Hawalijui. Wameandika 'Mwanamke wa Mombasa'."

Mohdhar alikaa na habari ile siku nzima. Angeweza kuinyamazia. Pascalia hakuwa na kompyuta wala hakumjua mwenye nayo. Angekufa bila ya kujua. Na kwa kuwa kunyamaza kulikuwa rahisi hivyo, alijijua kwamba ndiyo ile tabia yake ya nyuma ya pazia imerudi. Jioni kabla ya magharibi alifunga banda akaenda.

Ukumbi ule mrefu haukuwa kimya kama mara ya kwanza. Mlango wa pili kutoka mwisho ulikuwa umefunguliwa na mpangaji mpya, redio inaimba. Pascalia na Nyamvula walikuwa wamekaa mkekani, wanakata mchicha. Nyamvula alimwona kwanza, akamgusa mwenziwe kwa goti.

Mohdhar alisema akiwa wima mlangoni. Alieleza kila kitu: sahani, ndege, maonyesho, intaneti, na kwamba haifutiki tena, na kwamba hana la kufanya isipokuwa kumwambia. Nyamvula aliguna. Pascalia aliendelea kukata mpaka fungu likaisha.

"Huko wanajua Kiswahili?" akauliza.

"La."

"Yuko wa kuwatafsiria?"

"Hayuko. Wasema sauti yenyewe yatosha."

Pascalia alifikiri, kisu kimesimama juu ya majani. Pembe moja ya mdomo ikamcheza, kama anayetaka kucheka na hataki.

"Basi wanasikiliza nini?"

Mohdhar alisimama pale, kofia mkononi, akihisi macho ya wanawake wawili usoni pake, na safari hii hapakuwa na kitambaa cha kuingia nyuma yake.

"Sogea," alisema Pascalia, akichukua fungu jingine. "Wanizibia mwanga."